Ki Dandang Hakufa Nyumbani kwa Kasdi

Margono alikuwa mtunzi wa hadithi za mapanga katika mji wa Kediri, miaka ile ambayo televisheni ilikuwa bado kitu cha kwenda kutazama kwa jirani. Hadithi zake zilitoka katika vijitabu vyembamba vya karatasi duni, na kila kimoja kiliishia pabaya, mtu akiwa ananing'inia gengeni au upanga ukiwa hewani, ili msomaji akitafute kinachofuata. Watu hawakuvinunua sana. Walivikodi vibandani, wakavisoma wakavirudisha vimekunjamana, vina madoa ya kahawa na harufu ya sigara za karafuu.

Hadithi iliyompa jina ilikuwa Upanga wa Bonde la Ukungu. Ilimhusu kijana Rangga Seta, aliyekuwa akimsaka ami yake, maana huyo ami ndiye aliyemuua baba yake. Ulikuwa mwaka wa tisa sasa, na Rangga Seta alikuwa bado anasaka. Kila Margono alipotaka kumfikisha, mchapishaji wa Surabaya alimwomba amzungushe kidogo zaidi, apite msitu mwingine, akutane na mchawi mwingine. Margono akamzungusha. Mwisho wake ukoje, hata yeye mwenyewe hakuwa anajua.

Kazi yake ilikuwa na mpango wake. Baada ya swala ya alfajiri aliketi kwenye kibaraza cha nyuma, kahawa nyeusi mkono wa kulia, akaanza kuigonga mashine ya chapa mpaka adhuhuri. Mchana alikwenda kwenye kibanda cha Cik Lian kusoma vijitabu vya watunzi wenzake: vya mapanga, vya mizimu, vya wapenzi waliotenganishwa na wazee wao. Kutoka hapo aliingia sinema. Mkewe, Wahyuni, ambaye hakuwahi kusoma hata mstari mmoja wa mumewe, alimuuliza siku moja awajibu nini majirani wanaotaka kujua mzee anafanya kazi gani mle ukumbini kila siku. Margono akamwambia awajibu kwamba anasikiliza. Hakuwa anatania. Watazamaji wa Kediri waliingia na mbegu za tikiti za kukaanga, na ukumbi mzima ulisikika ukizipasua kwa meno. Pale mlio ule ulipokatika ndipo Margono alipojua hadithi imewakamata watu, na jambo hilo ndilo alilokwenda nalo nyumbani.

Asubuhi moja, katikati ya msimu wa kusaga miwa, Wahyuni alimletea mgeni kibarazani. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa kanga ya batiki iliyopauka, na mikono yake ilinukia karanga na viungo. Alijitambulisha kuwa ni Ruminah, muuza mboga za mchuzi wa karanga nje ya kiwanda cha sukari. Alikataa kiti mara mbili, ya tatu akakaa pembeni kabisa, kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

Alieleza taratibu. Mumewe, Kasdi, alikuwa fundi wa matangi ya kuchemshia maji ya miwa. Ini lake lilikuwa limekwisha, na hospitali ilikuwa imemrudisha nyumbani akakae na watu wake. Hakulalamika, hakutaka chochote, chakula chenyewe alikuwa hakiwezi tena. Jambo moja tu ndilo alilokuwa akilisema: angependa kujua kama Rangga Seta atamkuta ami yake.

"Nimekuja kukuomba, Pak, uje umwambie mwisho," alisema, akimwita baba kwa heshima. "Kijitabu kitatoka, najua. Lakini yeye hatakingoja."

Margono alimwambia ukweli, kwamba mwisho haujaandikwa. Ruminah akatikisa kichwa kwa upole, kana kwamba hilo ni jambo dogo, akasema basi aje amwambie wowote atakaouona unafaa. Yeye ndiye mwenye hadithi. Margono akakubali kwenda jioni ya siku ile. Alidhani yule mama atainuka aage, lakini aliendelea kukaa, akikunja na kukunjua pindo la kanga.

"Kuna kitu kingine, Pak. Naona aibu kukisema."

"Sema tu, Bu," alisema Margono, naye akimwita mama kwa heshima.

"Kwetu, Ki Dandang hakufa."

Margono hakuelewa mara moja. Ki Dandang alikuwa mpishi mzururaji katika hadithi ile, mzee mnene aliyepigana kwa mfuniko wa sufuria na aliyekuwa akimtania Rangga Seta njia nzima. Margono alikuwa amemuua zamani sana, miaka mingi iliyopita, na tangu hapo hakuwa amemfikiria.

Ruminah akamweleza. Kasdi hakujua kusoma. Yeye Ruminah alisoma madarasa matatu ya kijijini, na tangu kijitabu cha kwanza ndiye aliyekuwa akimsomea mumewe kila jioni, Kasdi akiwa amelala chali mkekani, amefumba macho. Hawakujaliwa watoto. Kasdi hakuwa mtu wa kucheka, ila kwa Ki Dandang alicheka mpaka akakohoa. Ruminah alipofika kwenye ukurasa ambamo mzee anakufa, macho yake yalitangulia kuuona mstari kabla ya mdomo, akamtazama mumewe, akashindwa. Akauruka. Siku ya pili ikambidi aeleze mzee yuko wapi, akatunga kidogo. Siku ya tatu akatunga zaidi. Mpaka leo.

"Sikuyaharibu maneno yako," aliharakisha kusema. "Nilikuwa namweka pembeni tu. Rangga Seta akipigana, mzee anakuwa amekwenda sokoni."

Kwanza Margono alijisikia kama mtu aliyegundua kwamba wapo watu wanaoishi kwenye chumba cha nyumba yake bila kodi wala hodi. Kisha akataka kukiona chumba chenyewe. Akamuuliza huyo mzee alifanya nini miaka yote hiyo. Ruminah akamsimulia, kwanza akiangalia sakafu, baadaye akiangalia mbele. Ki Dandang alimwokota binti yatima akamlea. Alifungua kibanda cha chakula chini ya mlima, akakifunga kwa sababu alikuwa akiwalisha watu bure. Aliumwa goti. Kwenye kila vita alifika amechelewa, ana chungu kichwani, anauliza nani bado hajala.

Kahawa ilipoa Margono hajaigusa.

Mgeni alipoondoka alirudi kwenye mashine. Aliandika mwisho wa kwanza, ambamo Rangga Seta anamkata ami kichwa. Akausoma, akauona ni ule ule wa kila kijitabu cha kibandani. Aliandika wa pili, ambamo ami anatubu analia. Huo akauchana kabla haujafika chini ya ukurasa. Ki Dandang hakuwa na pa kukaa katika mwisho wowote. Margono alijua kumwingiza mtu katika hadithi kwa njia nyingi, lakini huyu alikuwa amekua mbali naye, amelelewa na kuponywa na mwanamke mwingine, ana binti na ana goti bovu.

Adhana ya adhuhuri ilipolia aliswali, akaenda kibandani.

Cik Lian alikuwa mwanamke wa Kichina aliyezaliwa mtaa ule ule, mwenye ulimi mkali, na alikuwa amefungua kibanda kile kabla Margono hajachapishwa hata mara moja. Alimwekea stuli yake ya kawaida na rundo la vijitabu vipya vya wiki. Margono akavisogeza kando, akaomba kile ambacho ndani yake Ki Dandang anakufa.

"Leo muuaji amekuja kuangalia maiti," alisema Cik Lian. Alikwenda nyuma, akakitoa kwenye rafu ya juu, akakipangusa kwa kiganja. "Unajua siku kile kilipotoka watu walinirushia hapa mezani? Dereva mmoja wa baiskeli ya abiria alitaka nimrudishie fedha yake. Mimi nimefanya nini? Mimi nakodisha tu."

"Hukuniambia."

"Ungefanya nini? Ungemfufua?"

Margono akafungua. Jalada lilikuwa limegandishwa kwa gundi ya wanga. Alipapasa kurasa mpaka akakuta mahali penyewe, akasoma, akageuza ukurasa akitafuta palipobaki, hakukuwa na palipobaki. Mshale ulimpata mzee kivukoni, akaanguka, maji yakamchukua. Aya iliyofuata Rangga Seta alikuwa tayari juu ya farasi. Margono alijaribu kukumbuka asubuhi aliyoyaandika maneno yale. Hakukumbuka huzuni yoyote. Alichokumbuka ni kwamba mzee alikuwa amemchosha, kwa sababu kila alipoingia alichukua nafasi ya vita, na kwamba siku ile ukumbini kulikuwa na filamu mpya kutoka Hong Kong na hakutaka kuchelewa.

Alisoma vijitabu vingine viwili au vitatu, kwa mazoea zaidi kuliko kwa hamu. Katika kimoja mwenye hoteli alikufa, katika kingine mlinzi wa lango, katika kingine dada mtu. Wote walianguka upesi, wakapisha. Cik Lian alimtazama akivirudisha rafuni mwenyewe, jambo ambalo si kawaida yake, akamuuliza kama anaumwa. Alisema hapana.

Miguu ikampeleka sinema. Aliketi mahali pake, safu za nyuma karibu na nguzo, feni ikizunguka juu bila kupunguza joto. Ilikuwa filamu ya ndugu wawili na mwalimu wao aliyesalitiwa. Mbegu zikapasuka pande zote. Kwenye pigano la kwanza muuza chai aliyekuwa amesimama njiani akakatwa, akaanguka pamoja na meza yake. Margono akatega sikio. Hakuna aliyeacha kutafuna. Mbele yake mwanamume mmoja alicheka, si kwa ubaya, kwa namna vikombe vilivyoruka.

Margono alimtazama yule muuza chai. Kamera ilikwishamwacha, lakini kwenye kona ya pazia mguu wake ulionekana bado, na mwigizaji, maskini, alikuwa anajitahidi usitikisike. Kisha hata mguu ukatoka. Margono alikaa kidogo tena. Ndugu wale walikuwa wamefika kwenye hekalu na ukumbi ulikuwa umeanza kunyamaza vizuri, kunyamaza kule anakokupenda, ndipo alipoinuka akatoka. Mkata tiketi, aliyemzoea kwa miaka, alimuuliza kama filamu ni mbaya. Margono akamwambia ni nzuri, ila ana mgonjwa wa kumwona.

Nyumba za wafanyakazi zilikuwa nyuma ya kiwanda, safu moja ya mbao na bati. Ulikuwa msimu wa kusaga, moshi mzito ulikuwa juu, na majivu mepesi ya makapi ya miwa yalidondoka juu ya nguo zilizoanikwa. Hewa ilinukia utamu uliokaribia kuungua. Ruminah alikuwa amevaa kanga nyingine, safi, na alikuwa amepika chai kabla hajajua kama mgeni atafika kweli.

Kasdi alikuwa amelala kwenye kitanda cha mianzi karibu na dirisha. Mwili ulikuwa umekwisha, tumbo limejaa, macho yamekuwa ya manjano kama manjano ya kupikia. Lakini alijitahidi kuinua kichwa, akampa Margono mikono yote miwili.

"Ni wewe kweli?" aliuliza. "Nilidhani mtu wa vita vile atakuwa mrefu."

"Wananiambia wengi," alisema Margono.

Walikunywa chai, yaani Margono alikunywa na Kasdi alilowesha midomo. Waliongea habari za kiwanda na za miwa ya mwaka ule. Kisha Ruminah akaona sukari imekwisha, akaaibika, mke wa mtu wa kiwanda cha sukari kukosa sukari mbele ya mgeni, akatoka kwenda kuomba nyumba ya tatu. Mara tu nyayo zake zilipozima uani, Kasdi alimshika Margono kifundo cha mkono. Alikuwa bado na nguvu vidoleni.

"Haraka, kabla hajarudi. Ki Dandang alikufaje?"

Margono aligeuka kuutazama mlango.

"Najua alikufa," alisema Kasdi. "Kiwandani siku ile watu hawakuzungumza kingine. Mtu mzima, baba wa watoto watano, analia kwenye tangi. Nikawakataza wasiniambie alivyokufa. Nikasema nitasikia nyumbani. Nikarudi, akanisomea, na mzee yuko hai."

"Hukumwambia?"

"Alikuwa anasoma huku ananiangalia. Ningemwambiaje? Nikanyamaza. Kesho yake mzee bado yuko hai. Nikaona basi." Alipumzika kidogo. "Lakini kwenye kitabu. Mimi nataka kujua."

Margono alikuwa na maneno mdomoni. Angeweza kumpa mzee yule kifo kikubwa pale pale, daraja linalowaka, maadui mia, neno la mwisho la kuwaliza watu. Hiyo ndiyo kazi aliyoijua kuliko kazi yoyote. Akaona mtu huyu hakumuuliza hivyo.

"Mshale ulimpata kivukoni. Akaanguka, maji yakamchukua."

"Hakusema kitu?"

"Hakusema."

"Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu," alisema Margono. "Samahani."

Kasdi aliachia mkono, akatazama dari.

"Bora alivyokuwa kwetu," alisema. "Usimwambie kwamba najua."

Ruminah alirudi na sukari ndani ya jani la mgomba. Alikaa miguuni pa kitanda, na Margono akaanza kusimulia. Hakuwa na karatasi. Alimtoa Rangga Seta msituni, akampandisha mlima ambako ami yake alikuwa amejificha, siku nzima ya mvua na mawe. Juu akamkuta ami amezeeka, amekaa peke yake kwenye kibanda kilichovuja, upanga ameuegemeza ukutani umeshika kutu. Kando yake moto unawaka, na juu ya moto kuna chungu, na aliyeinamia chungu, amenyoosha lile goti bovu, ni Ki Dandang. Alikuwa amepita njia ya nyuma ya mlima, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa amewahi kufika.

Kasdi alitabasamu.

"Akamwambia, kaa chini, mwanangu, huwezi kumuua mtu ambaye hajala," alisema Margono. "Rangga Seta akamtazama ami. Akaona mikono inavyotetemeka. Akaweka upanga chini, akakaa."

Kasdi alifikiri. "Hawapigani?"

"Wamechoka wote."

"Miaka tisa, Pak. Wapigane kidogo."

Ruminah alifunika mdomo kwa kiganja. Margono akasema ni haki yake, akarudi nyuma kidogo, akawapa wapigane. Ami alichomoa upanga wenye kutu, wakapigana mvuani, Rangga Seta akauvunja upanga wa ami vipande viwili na wake akauinua juu, na hapo mfuniko wa sufuria ukaingia katikati ukalia kama kengele. Kasdi alikuwa amefumba macho, vidole vyake vikitembea juu ya shuka.

"Hapo sawa," alisema. "Sasa wale. Wanakula nini?"

Hilo Margono hakuwa amelifikiria, na aliyejibu alikuwa Ruminah. Alisema wali wa moto, majani ya mihogo, maharage machanga ya kukata, vichipukizi, na mchuzi wa karanga alioutwanga Ki Dandang mwenyewe, wenye pilipili ya kutosha kumtoa ami machozi, ili watu wasijue kipi kinachomliza. Alisema yule binti wa kulea alikuwa amekuja pia na akawagawia sahani. Aliendelea hivyo, kwa sauti ile ile ya jioni zote, na Margono akamwachia. Mtu mmoja alimtania mwingine, mvua ikakatika, ami akaomba aongezewe. Aliponyamaza, Kasdi alikuwa amelala.

Kasdi alifariki wiki iliyofuata, asubuhi, mitambo ikiwa inasaga. Margono alikwenda mazikoni na kwenye kisomo cha siku ya saba, akaketi mkekani kati ya wafanyakazi wa kiwanda. Mmoja alimtambua, akamuuliza kwa kunong'ona Rangga Seta atafika lini. Margono akamwambia karibu.

Siku chache baadaye alimwendea Ruminah kwenye genge lake la mboga na kumwomba ruhusa. Alitaka kumrudisha Ki Dandang kitabuni, na goti lake na binti yake na vyote, na jina la Ruminah liwekwe kwenye jalada karibu na lake. Ruminah alikuwa anatwanga. Hakuacha.

"Hapana, Pak. Yule alikuwa wa Kasdi."

Margono hakumrai. Alimaliza hadithi peke yake, bila mzee, dhidi ya matakwa ya mchapishaji. Rangga Seta alifika, akaweka upanga chini, na wasomaji wengi walilalamika kwamba mtunzi amezeeka. Cik Lian alisema Ruminah alikuja kukodi kile kijitabu cha mwisho kama mtu mwingine yeyote, akakirudisha kesho yake, akasema ahsante, na hakukodi kingine.

Msimu wa kusaga ulipokwisha, kiwanda kiliitaka nyumba yake kwa mfanyakazi mwingine, na Ruminah akaamua kwenda kwa dada yake katika mji wa Blitar. Margono na Wahyuni walikwenda kumsaidia. Vitu vilikuwa vichache: kabati, mkeka, masufuria, kitanda cha mianzi ambacho alikiacha kwa jirani. Walipakia kwenye lori lililokuwa limebeba mbolea. Kinu cha jiwe alichotwangia karanga alikataa kukiweka nyuma, akakipakata mapajani, mbele, karibu na dereva. Wahyuni alimpa wali uliofungwa kwenye jani, wa njiani. Margono alisimama na kofia mkononi, na Ruminah akainamia dirishani akawaambia warudi nyumbani, mvua inakuja.

Lori likaondoka. Walirudi kwa miguu, na mvua ikawakuta sokoni.